Simu ni yako, ama ni ya mwenye duka?

Mjadala wa "uhuru wa kidijitali" ukianza, watu hukimbilia Ulaya. Tuanzie Wote na Mwingi.

Bando ilipokuwa ghali, gemu ilikuwa ya kuwekewa. Unampa kijana wa duka la muvi memori kadi, anakujazia, halafu unamrushia jirani kwa Bluetooth. PPSSPP ilitoka 2012, na simu ya Android ikaanza kucheza gemu za PSP. Programu yenyewe huja tupu, faili unajitafutia. (Na tusidanganyane, faili nyingi zilikuwa za wizi.)

Wenye iPhone walibaki nje. Apple ilikataza programu za aina hiyo dukani mwake hadi Aprili 2024, mwezi mmoja baada ya sheria mpya ya Ulaya kuanza kuibana. PPSSPP ikaingia Mei. Bahati? Sidhani.

Agosti 2025 Google nayo ikatangaza: hata programu ya nje ya duka lake itahitaji mtengenezaji aliyethibitishwa, kuanzia nchi 4 Septemba 2026, kwingine 2027. Sababu ni utapeli, na utapeli upo kweli.

Sasa muulizeni yeyote anayekuja Kitui na Makueni kuahidi ajira za mtandaoni: kijana wa Kibwezi akitengeneza gemu yake, ruhusa ya kumpa rafiki ataomba wapi?