Chunusi za ukubwani: ngozi mchanganyiko na mtego wa krimu zinazochubua

Chunusi huhesabiwa kuwa maradhi ya ujana: huja na balehe, huudhi kwa miaka kadhaa, kisha hutoweka zenyewe. Kwa watu wengi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, Marekani, walichapisha majibu ya watu wazima 1,013 walioulizwa kuhusu ngozi zao. Nusu ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 29 walisema wana chunusi, na miongoni mwa wenye miaka 40 hadi 49 bado zaidi ya robo walikuwa nazo. Kwa wanaume wa umri huo wa pili ilikuwa asilimia 12. Madaktari wa ngozi huziita chunusi za ukubwani zile zinazodumu, au zinazoanza, baada ya miaka 25.

Katika miji ya ukanda wa Maziwa Makuu, kuanzia Buyenzi na Bwiza mjini Bujumbura hadi Uvira, Kigoma na Kigali, tatizo hili lina uzito wa pekee. Si kwamba chunusi za huku ni kali kuliko za kwingine. Ni kwamba ngozi nyeusi hubaki na doa jeusi baada ya kila kipele, na kwamba dawa inayopatikana kwa urahisi zaidi sokoni mara nyingi ndiyo inayozidisha ugonjwa.

Ngozi moja, tabia mbili

Ngozi mchanganyiko ni ile inayong'aa kwa mafuta kwenye paji la uso, pua na kidevu, huku mashavu yakiwa makavu au ya kawaida. Sababu yake ni ya kimaumbile. Tezi za mafuta zimesongamana zaidi katikati ya uso kuliko pembeni, kwa hiyo karibu kila mtu ana mchanganyiko wa namna fulani. Tofauti ni ya kiwango. Anayetaka kuujua uso wake aunawe kwa sabuni laini, asipake kitu chochote, kisha atazame kwenye kioo baada ya nusu saa. Sehemu zinazong'aa na sehemu zinazovuta zitajionyesha zenyewe.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye joto na unyevu. Gitega iko juu zaidi, kwenye ubaridi, na miezi ya kiangazi huko hukausha midomo na mashavu. Mtu yuleyule anaweza kuhitaji losheni nyepesi mjini Bujumbura na nzito kidogo akipanda milimani mwezi wa Julai. Kwa hiyo ushauri wa jirani kwamba losheni fulani "imemfaa" hauna budi kupimwa kwa mahali anapoishi.

Kosa linalofanywa sana na wenye ngozi ya aina hii ni kuutendea uso wote kana kwamba ni pua. Husugua kwa sabuni kali, hupangusa kwa spiriti, huacha losheni kwa hofu ya mafuta. Mashavu hukauka na kuwasha, kinga ya ngozi hubomoka, na dawa za chunusi, ambazo zenyewe hukausha, huwa hazivumiliki tena. Mgonjwa huziacha baada ya wiki moja akisema hazikumfaa.

Chunusi hutokeaje

Chanzo ni kitundu cha unywele na tezi ya mafuta iliyoungana nacho. Homoni za jamii ya androjeni, ambazo wanawake pia wanazo, huichochea tezi kutoa mafuta mengi. Chembe za ngozi zilizokufa hushikamana na kuziba mlango wa kitundu. Bakteria anayeitwa Cutibacterium acnes, mkazi wa kawaida wa ngozi ya kila mtu, hustawi ndani ya mafuta yaliyofungiwa, na mwili hujibu kwa uvimbe na wekundu, ambao kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi kama hudhurungi iliyokolea au zambarau. Uchafu hauna nafasi kubwa katika mlolongo huu. Vile vidoa vyeusi vya puani si vumbi. Ni mafuta na chembe za ngozi vilivyobadilika rangi baada ya kukutana na hewa. Mwenye chunusi hajashindwa kunawa.

Kwa wanawake watu wazima, vipele hupenda kukaa kwenye taya na kidevu na kuzidi siku chache kabla ya hedhi. Vikifuatana na hedhi inayoruka miezi na nywele zinazoota kidevuni, inafaa kupima homoni, maana huenda pana ugonjwa wa vivimbe vingi kwenye ovari. Njia za kupanga uzazi zenye homoni ya projestini peke yake, kama vile sindano na vijiti vya mkononi, huweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya wanaozitumia, ilhali vidonge vyenye homoni mbili mara nyingi huzipunguza. Hilo si sababu ya kuacha uzazi wa mpango ghafla. Ni sababu ya kuzungumza na muuguzi kuhusu njia nyingine. Dawa kadhaa pia huleta vipele vinavyofanana na chunusi, miongoni mwake isoniazidi inayotibu kifua kikuu, ambayo haifai kabisa kukatizwa kwa ajili ya uso.

Mafuta ya nywele yana historia yake. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza aina ya chunusi zilizopangana kwenye paji la uso na pembezoni mwa nywele za Wamarekani weusi waliopaka pomadi kichwani kwa muda mrefu. Jambo hilo halijapitwa na wakati: anayesuka, akapaka mafuta mazito kwenye mistari ya kichwa na kulala bila kitambaa, huyahamishia kwenye paji la uso na foronya.

Kuhusu chakula, ushahidi ni wa wastani. Mwaka 2002 watafiti waliripoti kwamba katika kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, waliwachunguza watu 1,200 na hawakuona hata mmoja mwenye chunusi. Watu hao walikula viazi, matunda, samaki na nazi. Kinachotajwa zaidi tangu hapo ni sukari na vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, kisha maziwa, na unga wa protini wa maziwa unaopendwa na wanyanyua vyuma. Kupunguza soda ni jaribio lisilo na hasara. Kujinyima vyakula kumi kwa mkupuo ni adhabu tu.

Mkorogo

Neno lenyewe limevuka mipaka. Kwa Kiswahili limetokana na kukoroga, yaani kuchanganya krimu mbili tatu hadi kupata nguvu inayotakiwa; kwa Kinyarwanda husemwa mukorogo, kwa maana ileile. Wengi hulihusisha na kutafuta weupe peke yake. Ukweli ni kwamba watu wasio na nia hiyo huingia kwa mlango wa chunusi. Mwanamke wa miaka 32 hana haja ya kuwa mweupe. Anataka doa la shavuni lififie kabla ya harusi ya mdogo wake. Muuzaji humpa tyubu ndogo, na katika siku tano vipele vimenywea na ngozi imelainika.

Kilichofanya kazi hiyo, mara nyingi, ni steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi huzima uvimbe upesi, kwa hiyo wiki za kwanza huonekana kama muujiza. Zikiendelea kupakwa, huipunguza ngozi unene, huleta michirizi na mishipa midogo inayoonekana kwa nje, na huzaa chunusi za aina yake: vipele vingi vidogo vinavyofanana, kana kwamba vimenyunyizwa kwa wakati mmoja. Anapoacha, uso huwaka na kufura, naye huamini kwamba ugonjwa umerudi kwa sababu ameacha dawa. Hurudi dukani. Huo ndio mtego, na hauna uhusiano na uvivu wala ujinga wa mtu. Umejengwa ndani ya dawa yenyewe.

Kiungo cha pili ni haidrokwinoni. Chini ya uangalizi wa daktari, kwa miezi michache, hutumika kutibu madoa. Ikipakwa kwa miaka chini ya jua huweza kuleta madoa ya buluu iliyoiva hadi weusi ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku kiungo hicho katika vipodozi. Cha tatu ni zebaki, inayodhuru figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka hatua za kuiondoa katika vipodozi duniani. Rwanda ilianza msako wa krimu hizi madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Misako hupunguza bidhaa rafuni, lakini mipaka ya ukanda huu ni mirefu na tyubu ni ndogo.

Aliyekwisha kuzitumia kwa miezi asiziache kwa siku moja bila msaada. Daktari anaweza kumpunguzia hatua kwa hatua na kumpa dawa ya kutuliza kipindi cha mwako, ambacho huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi.

Matunzo ya kila siku

Uso unawe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato na maji ya uvuguvugu au ya kawaida. Sabuni ya mche ya kufulia ina ukali wa alikali ambao ngozi, yenye asili ya asidi kidogo, haiupendi. Anayetawadha mara tano hana sababu ya kuhofu, kwa kuwa maji matupu hayadhuru. Sabuni ndiyo ibaki kwa asubuhi na usiku, na uso ukaushwe kwa kugusagusa badala ya kusugua. Kisha losheni isiyoziba vitundu: tabaka jepesi katikati ya uso, zaidi kidogo mashavuni. Mafuta ya nazi, yanayosifiwa sana, huziba vitundu kwa wengi na yafaa yabaki mwilini na kwenye nywele.

Ndimu isipakwe usoni. Maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi kuliko yale yaliyokusudiwa kuondolewa. Dawa ya meno nayo huchubua. Liwa na manjano kwa wengi hazina madhara makubwa, mradi zisichanganywe na ndimu wala kusuguliwa kama msasa. Lakini haziwezi kuhesabiwa kuwa tiba.

Krimu ya kinga ya jua yenye kipimo cha 30 au zaidi ni sehemu ya matibabu ya madoa, hata kwa ngozi nyeusi, kwa kuwa jua huyakoleza. Zile zenye rangi kidogo, zilizotiwa oksidi ya chuma, huzuia pia mwanga wa kawaida ambao huchangia madoa kwa watu weusi. Asiyemudu gharama yake avae kofia pana au mtandio unaofunika paji la uso, na apite upande wa kivuli.

Dawa zenye ushahidi

Peroksidi ya benzoili huua bakteria, na nguvu ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10 bila kuunguza vilevile. Hung'oa rangi ya foronya na ya kitenge, kwa hiyo taulo nyeupe ndiyo salama. Asidi ya salisiliki, kati ya asilimia 0.5 na 2, huzibua vitundu, na kwa ngozi mchanganyiko inaweza kupakwa katikati ya uso pekee. Adapaleni ya asilimia 0.1, ambayo Marekani imeuzwa bila cheti cha daktari tangu mwaka 2016, ndiyo msingi wa tiba nyingi leo: kiasi cha punje ya njegere kwa uso wote, usiku, mara mbili tatu kwa wiki mwanzoni, na losheni ikitangulia mashavuni. Haifai kwa mjamzito. Kwake, na kwa yeyote mwenye madoa mengi, asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 ni chaguo linalotibu vipele na kufifisha weusi pamoja.

Dawa hizi huhukumiwa baada ya wiki 12. Wiki za mwanzo chunusi huweza hata kuongezeka, na wengi huacha hapo.

Vidonge vya doksisaiklini huandikwa kwa miezi mitatu au minne, pamoja na peroksidi ya benzoili, ili kuzuia bakteria wasizoee dawa. Kununua vidonge vichache kila vipele vinapotokea ndiyo njia ya kuwazoesha. Isotretinoini, inayotumika tangu mwaka 1982 kwa chunusi kali, husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni, na hakuna mwanamke anayepaswa kuimeza bila kipimo cha mimba na uzazi wa mpango wa uhakika.

Si kila kipele ni chunusi. Vipele vidogo vinavyowasha kwenye paji la uso na kifuani, vyote vya ukubwa mmoja, vikizidi wakati wa joto na jasho, mara nyingi ni vya fangasi, na antibayotiki huvikuza. Vya shingoni na kidevuni kwa wanaume wanaonyoa hadi chini kabisa hutokana na nywele zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Kuacha ndevu fupi huviponya.

Uvimbe mkubwa unaouma, makovu yenye mashimo, au vipele vilivyolipuka ghafla ukubwani ni vya kupelekwa kwa mtaalamu. Madaktari wa ngozi ni wachache katika ukanda huu, lakini Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Ngozi katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na baadhi yao wanafanya kazi katika hospitali za mikoani. Anayekwenda kuwaona achukue mkononi kila tyubu aliyowahi kupaka, hata ile ambayo jina lake limefutika.