Nyanya za Ukingoni mwa Mto

Nyanya si mzaliwa wa bara hili. Asili yake ni Amerika, nayo ilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Hata hivyo imekwisha kuwa mwenyeji. Unguja huitwa tungule. Nasi twaiita nyanya, jina inaloshiriki na nyanya chungu, mboga ya asili ya Afrika.

Katika bonde la Kilombero, Mofu ikiwamo, mto ndio uliokuwa bwana shamba wa kwanza. Masika ulifurika na kuacha tope lenye rutuba. Kiangazi maji yalipopungua, wakulima waliyafuata kwa jembe, wakapanda mahindi na mboga katika udongo ulio na unyevu bado, pasipo mfereji wala mbolea. Desturi hiyo ilikuwa na hekima, kwa kuwa nyanya hushambuliwa sana na ukungu wakati wa mvua nyingi.

Mbegu hazikununuliwa. Tunda la mche wenye nguvu liliachwa liive sana, kisha mbegu zikakamuliwa, zikachanganywa na majivu, zikaanikwa na kuwekwa jikoni penye moshi, wadudu wasizifikie.

Mapishi nayo yalikuwa mepesi. Nyanya zilipondwa, zikatiwa chunguni pamoja na samaki mbichi au aliyekaushwa kwa moshi, zikachemka polepole juu ya mafiga mpaka mchuzi ukawa mzito. Uchachu wake uliondoa shombo, na mchuzi ukaliwa kwa wali au ugali.

Leo mambo yamebadilika. Mwaka 2002 bonde letu liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo yakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mahali alipopanda babu, mjukuu hana budi kuitazama sheria kwanza. Tena mwaka 2014 aligunduliwa nchini mdudu kantangaze, adui mkubwa wa nyanya.

Ndipo ushirika unapohitajiwa. Mkulima mmoja ni shida kununua pampu ya kufikisha maji nje ya mita hizo. Na kwa kuwa nyanya huoza upesi, mwenye tenga moja hana sauti mbele ya mchuuzi. Wazee walisaidiana kwa jembe. Sisi tusaidiane kwa hisa. Nao viongozi wetu wakusanye mbegu za kienyeji zilizosalia mikononi mwa bibi zetu, kwani mbegu ikipotea hairudishwi kwa fedha.