Paa la Nani? Wajibu wa Matengenezo na Kodi ya Miezi Sita Misugusugu

Misugusugu, kando ya barabara ya Morogoro, chumba hupangishwa kwa maneno ya mdomo na saini kwenye karatasi ya daftari. Mpangaji hulipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, dalali huchukua ya mwezi mmoja, na masika yakiingia ndipo inapoonekana kuwa bati linavuja kila palipopigwa msumari. Akilalamika huambiwa avumilie, au ajitengenezee.

Wengi huamini kwamba asiye na mkataba ulioandikwa na wakili hana haki. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inatambua upangaji wa muda mfupi hata ukiwa wa mdomo, na kifungu chake cha 88 kinaingiza katika upangaji ahadi ambazo mwenye nyumba huhesabiwa amezitoa ingawa hakuzitamka. Pakipangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za matumizi ya pamoja ni juu yake kuzitunza. Chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia, na kiendelee kufaa hadi upangaji uishe.

Chukua choo cha uani. Kaya sita, shimo moja. Gari la kunyonya maji taka ni gharama ya matumizi, na wapangaji wakikubaliana kuigawana hakuna ubaya. Lakini ukuta wa shimo ukititia au zege la juu likapasuka, hayo ni matengenezo ya jengo. Mazoea yameyachanganya mambo haya mawili: mchango hupitishwa mlango kwa mlango, na aliyehamia juzi analipa sawa na aliyekaa miaka mitatu. Watu wanamjengea mtu choo chake, kisha wanaendelea kumlipa kodi.

Kwa hiyo wajibu upo. Kinachokosekana ni nguvu ya kuudai, na hoja yangu ni kwamba kodi ya mkupuo ndiyo iliyoiua. Fedha ikishaliwa, mpangaji hana cha kuzuia. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nani atafungua shauri kwa ajili ya bati tatu, huku akijua jibu litakalomsubiri: “Kodi yako ikiisha, naomba chumba changu”? Chini ya sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya 1984, mwenye nyumba alihitaji sababu inayotambulika kisheria ili kumwondoa mpangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Kuliachia soko bei kunaweza kutetewa. Kumwacha mlalamikaji bila kinga hakuna utetezi.

Kenya imebaki na njia ambayo sisi hatuna. Sheria yake ya udhibiti wa kodi, Sura ya 296, inaliwezesha baraza kumwamuru mwenye nyumba atengeneze, na akikaidi, kumruhusu mpangaji atengeneze na kukata gharama kwenye kodi. Udhaifu wake ni kikomo: inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, na leo nyumba hizo ni chache mno. Tuchukue njia, tuache kikomo.

Litasemwa kwamba wenye nyumba wetu wengi si matajiri. Ni kweli, wapo wastaafu na wajane wanaoishi kwa kodi ya vyumba viwili. Lakini kukata gharama kwenye kodi kunawafaa hao hasa, kwa kuwa hakuwadai fedha taslimu ambayo hawana. Tena dola yenyewe imekwisha kuonyesha kuwa makato yanawezekana: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Ikiwa mfuko wake unaweza kulipa kodi ya mwenye nyumba, basi kodi anayoitoa iweze kulipia paa linalomvujia.

Baraza la Kata lipewe mamlaka ya kuthibitisha uharibifu kwa maandishi na kuidhinisha gharama kwa risiti, na notisi ya kuhama isitolewe wakati makato yanaendelea. Aliyekwisha kulipa miezi sita, ambaye hana kodi ya kukatwa, aongezewe muda wa kukaa unaolingana na fedha aliyoitumia.