Unaenda Camping na Mbogi? Ala ya Muziki ya Kubeba, na Ile ya Kuacha Keja

Mmepanga kulala Hell's Gate ama Ngong Hills, nyama iko, tenti ziko. Lakini saa tatu usiku simu zimeisha chaji, ile spika ya Bluetooth imezima, na moto ndio kwanza umeshika. Hapo msee mwenye alibeba ala ya muziki anageuka mfalme wa kambi. Swali ni ubebe gani.

Najua umefikiria gita. Gita ya kawaida ina urefu wa karibu mita moja, na kama mnashuka mat mkatembee, itagonga kila mti njiani. Saizi hata si shida kubwa. Gita ya mbao imeshikiliwa na gundi. Ukiiacha kwa gari imefungwa madirisha kwa jua la Magadi, gundi inalegea na daraja la nyuzi linaanza kuinuka. Usiku baridi ikiingia, nyuzi zinatoka kwa sauti yake na unakaa hapo ukizungusha vitufe watu wakikungoja. Kama ni gita ya maana, ama ni ya kuazima, iache keja.

Kwangu mimi, ukulele ndiyo namba moja. Wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira, Ureno, walifika Hawaii 1879 na vigita vyao vidogo, na ukulele ikazaliwa huko. Kwa hivyo hii ni kitu ilianza ikisafiri. Ile ndogo, soprano, ina sentimita 53 hivi na nyuzi nne za nailoni zenye haziumizi vidole kama za chuma. C inataka kidole kimoja, Am kimoja, F viwili, G vitatu. Hizo kodi nne, na tulia, si za KRA, zinakutosha kwa nyimbo kibao, za kanisa na za klabu. Vidole vyako vikiwa vinene, chukua concert, ni kubwa kidogo tu. Na tafuta ya plastiki, mvua ikinyesha unapanguza maisha yanaendelea. Ila nyuzi mpya huvutika siku kadhaa kabla zitulie, so inunue mapema uipige kila jioni. Usiifungulie kwa boksi pale kambini.

Hamonika inaingia mfukoni, na hakuna ala ya maana inabebeka kuishinda. Nunua ya mashimo kumi, key ya C: shimo lolote ukipuliza unapata noti za kodi ya C, so hata ukibahatisha hauharibu sana. Ukivuta pumzi ndani, noti zinabadilika. Kama mnapanda Mlima Kenya, jua kwamba pale Shipton's, mita 4,200, hewa ni nyepesi na utaishiwa pumzi kabla wimbo uishe. Pia baridi ikiwa kali, mvuke wa mdomo unashikisha zile ndimi za ndani. Ipashe joto mkononi kwanza. Na haiazimwi, hiyo ni kama mswaki.

Kalimba ni tamu, unaicheza na vidole gumba viwili. Hugh Tracey ndiye aliipeleka sokoni miaka ya 1950 kutoka Afrika Kusini, akifuata mbira za Zimbabwe. Lakini sauti yake ni ndogo. Watu wawili kwa tenti, sawa kabisa. Mbogi ya kumi wakianza kuimba, imemezwa.

Kama hujui noti hata moja, beba kayamba ya Wamijikenda. Ni bapa, inalala vizuri kwa bag, na ukishika mdundo kila mtu anacheza. Iwekee karatasi ya nailoni juu matete na maji haziskizani.

Hauna doo ya yoyote? Chupa ya Fanta ya glasi na kijiko. Usicheke: wapiga gita wa omutibo kule Magharibi, enzi za George Mukabi, walirekodi ngoma na chupa hiyo hiyo ikishika mdundo. Kwaruza zile mikunjo zake, kisha gonga shingo.

Halafu kuna majirani. Tenti ya pembeni kunaweza kuwa na familia yenye inaamka saa kumi na moja kupanda Longonot, na ndani ya park nyati wako karibu kuliko unavyodhani. Ikifika saa nne, weka kayamba na chupa chini, ubaki na ukulele, uipige na kidole gumba pekee, polepole.