Mzee Aliyekanyaga Kondoo

Nyumbani kwetu, karibu na Tukuyu, kulikuwa na karatasi mbili ndefu zilizoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Babu aliachiwa na mwalimu mmoja Mwingereza aliyempikia, mwalimu huyo aliporudi kwao miaka ya 1960. Babu alipofariki, Bibi akazitunza. Kila kiangazi alizianika, maana unyevu wa Rungwe hauna huruma na karatasi.

Moja ina askari mwenye deraya, miguu ameipishanisha. Sisi watoto tulimwita Goliathi. Nyingine ina mzee aliyevaa joho, mikono ameiunganisha akiomba. Mguu wake mmoja uko juu ya kondoo, mwingine juu ya mfuko mkubwa. Bibi aliamini ni mtakatifu, mchungaji mwema. Nami nilijiuliza: mchungaji gani hukanyaga kondoo?

Bibi alipolala katika Bwana, karatasi zikanifikia mimi. Nikampelekea mchungaji mstaafu aliyewahi kusoma Uingereza. Alimtazama yule mzee, akacheka. "Huyu si mtakatifu," akasema. "Ni mfanyabiashara wa sufu."

Alinieleza kwamba katika zama za kati, watu wenye uwezo huko Uingereza walizikwa ndani ya kanisa. Juu ya kaburi iliwekwa bamba la shaba iliyochanganywa na zinki, limechorwa sura ya marehemu. Watu wa baadaye walitandika karatasi juu ya bamba na kuisugua kwa nta nyeusi ya washona viatu, kama mtoto anavyosugua penseli juu ya karatasi iliyofunika sarafu. Mzee wetu alifanana na John Fortey wa Northleach, aliyefariki mwaka 1458. Fedha zake zilisaidia kuinua kuta za kanisa la mji wake. Kondoo na mfuko wa sufu chini ya miguu yake ni kazi iliyompa riziki. Kuhusu yule askari, zamani wengi walidhani miguu iliyopishana ni alama ya aliyekwenda Vita vya Msalaba. Wanahistoria wameikataa dhana hiyo. Ilikuwa ni mtindo tu wa wachongaji.

Mabamba mengi yaliandikwa maneno ya kuwasihi wapita njia waiombee roho ya marehemu. Matengenezo ya Kanisa yalipofika, mengi yaling'olewa na kuyeyushwa. Uharibifu ulizidi hata Malkia Elizabeth wa Kwanza akatoa tangazo mwaka 1560 kukataza kuvunja kumbukumbu za makaburi makanisani. Sisi ni watoto wa Matengenezo, na hatuombei wafu. Hata hivyo nilihuzunika. Waliokusudia kuondoa fundisho moja walifuta na majina ya watu.

Wamoraviani walipita njia nyingine. Huko Herrnhut, makaburi yao ya tangu mwaka 1730 yana mawe yaliyolazwa chini, yanayofanana, ya tajiri na ya maskini. Hakuna joho wala deraya, jina linabaki. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lenye desturi hiyo.

Hapo ndipo nilipochomwa moyo. Nalijua jina la mfanyabiashara wa Kiingereza aliyekufa zaidi ya miaka 560 iliyopita. Jina la mama yake babu silijui. Nilimwuliza shangazi, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Tulimwita Bibi tu." Alizikwa karibu na nyumba, penye migomba. Kaburi lake halionekani tena.

Nabii Isaya anamwonyesha Mungu akiwa amewachora watu wake viganjani mwake. Naamini huyo mama yumo. Lakini imani hiyo hainipi ruhusa ya kuwa mvivu. Mungu hasahau, sisi ndio tunaosahau.

Pasaka iliyopita, baada ya ibada ya alfajiri makaburini, tuliketi na shangazi tukiwa na daftari. Tuliandika majina ishirini na matatu, na kando ya kila jina kazi ya mwenyewe: mkulima wa ndizi, mchuma chai, mpishi, mkunga. Mstari wa kwanza tuliuacha wazi, tukaandika kando yake: mama yake babu, mlimaji.