Ukulele ilizaliwa ikidonolewa

Mwanafunzi wa ukulele leo huanza kwa kucharaza: mkono wa kushoto unabana kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), wa kulia unapanda na kushuka juu ya nyuzi nne. Kudonoa nyuzi kwa vidole huachiwa mafundi, kana kwamba ni mtindo uliozuka juzi. Historia inasema vingine.

Mzazi wa ukulele ni machete, gita dogo la nyuzi nne kutoka Madeira, kisiwa cha Ureno. Huko machete ndiyo iliyobeba sauti kuu ya wimbo, gita kubwa likiisindikiza. Cândido Drumond de Vasconcelos, bingwa wa ala hiyo kisiwani, aliacha mkusanyiko wa muziki wa mwaka 1846, nao si muziki wa kucharaza tu: unadai vidole vyepesi.

Agosti 1879, meli ya Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, Hawaii, ikiwa na Wamadeira zaidi ya 400, vibarua wa mashamba ya miwa na familia zao. Kati yao walikuwemo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Wiki chache tu baadaye gazeti la Hawaiian Gazette liliandika kuwa wageni hao wanawatumbuiza watu mitaani usiku. Mafundi hao walipoachana na mashamba, walifungua karakana mjini, na humo machete ikageuka kuwa ukulele.

Mfalme Kalākaua wa Hawaii aliipenda ala hiyo na kuiingiza kwenye hula, ngoma ya asili ya huko. Ngoma hiyo hutaka mdundo usiokatika, na kucharaza kuliufaa kabisa. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yakaitangaza ukulele Marekani nzima, ikauzwa kama chombo chepesi cha kusindikiza uimbaji. Sifa hiyo ya wepesi ndiyo iliyoifunika nusu ya uwezo wake.

Hata hivyo, Hawaii kwenyewe wapigaji hawakukubali ukulele ibaki nyuma ya mwimbaji. Ernest Kaai, aliyechapisha kitabu cha mafunzo mwaka 1906, alijulikana kwa kupiga wimbo na kodi kwa wakati mmoja. Miongo kadhaa baadaye Eddie Kamae alizidonoa nyuzi zote nne pamoja, kila kidole na uzi wake, hata kodi nzima ikasikika kwa mpigo mmoja safi. Mwanafunzi wake, Herb Ohta, anayejulikana kama Ohta-San, aliupeleka ufundi huo duniani; mwaka 1974 wimbo "Song for Anna", usio na mwimbaji, ulimpa umaarufu mkubwa.

Aliyechimba zaidi ni John King, mwalimu wa gita la klasiki huko Florida. Yeye aligeukia mbinu ya campanella, ambayo Mhispania Gaspar Sanz aliieleza katika kitabu chake cha gita mwaka 1674. Siri yake imo katika uzi wa nne, ulio karibu zaidi na uso wa mpigaji. Kwenye gita la leo uzi wa upande huo ni mzito; kwenye ukulele ya kawaida ni mwembamba, unaotoa noti ya sol ya juu, chini kidogo tu ya noti ya la ya uzi wa kwanza.

Jaribu: donoa uzi wa nne ukiwa wazi kwa kidole gumba, kisha wa kwanza ukiwa wazi kwa kidole cha kati. Rudi kwenye wa nne ukibana freti ya nne (freti ni vijichuma vinavyokatiza shingo ya ala), umalizie na wa kwanza kwenye freti ya tatu. Hizo ni sol, la, si, do. Kwa kuwa kila noti hutoka kwenye uzi tofauti na ile iliyoitangulia, mwangwi wa moja hauzimwi na inayofuata, zikalia kama kengele. Kwa njia hiyo King alipiga Partita namba 3 ya Bach, akiwa peke yake na nyuzi nne.

King alifariki mwaka 2009. Walimu wa ukulele wana deni kwake: waache kumsubirisha mwanafunzi miaka kabla ya kumfundisha kudonoa. Noti nne hizo zinatosha kwa somo la kwanza.