Motokrosi: jinsi mbio za matopeni zilivyogeuka kazi ya kulipwa

Motokrosi ni mashindano ya pikipiki yanayofanyika katika njia ya udongo yenye vilima, mchanga na miruko. Washindani wote huanza kwa pamoja, na anayemaliza wa kwanza ndiye mshindi. Leo waendeshaji bora huajiriwa kwa mikataba na viwanda vikubwa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo: ilichukua takriban nusu karne kabla ya mtu kuweza kuitegemea motokrosi kama kazi kamili.

Chimbuko lake

Tarehe 29 Machi 1924, wapenzi wa pikipiki wa Camberley, kusini mwa Uingereza, waliandaa shindano kwa kuiga lile maarufu la Scott la Yorkshire. Waliziondoa sehemu za kupima ustadi wa mwendeshaji, wakabakiza kasi pekee. Kwa kuwa halikuwa tena jaribio la ustadi, lilipewa jina jingine, lenye maana ya kinyang'anyiro. Mshindi alikuwa Arthur Sparks. Mtindo huo ulienea Uingereza katika miaka ya 1930, kisha ukavuka bahari hadi Ufaransa na Ubelgiji, ambako jina la motokrosi lilishika.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1947, shindano la kwanza la timu za mataifa lilifanyika Wassenaar, Uholanzi, na Uingereza ikaibuka mshindi. Mwaka 1952 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Pikipiki (FIM) lilianzisha ubingwa wa Ulaya kwa pikipiki za cc 500. Bingwa wa kwanza alikuwa Mbelgiji Victor Leloup. Mwaka 1957 ubingwa huo ulipandishwa hadhi kuwa wa dunia, na Bill Nilsson wa Sweden akautwaa.

Riziki ya wiki kwa wiki

Wengi wa waendeshaji wa enzi hizo hawakuwa na mshahara. Mwandalizi wa mbio alimlipa mwenye jina ada ya kujitokeza, kwa sababu jina lake liliwavutia watazamaji waliolipa kiingilio. Zawadi ya ushindi ilikuwa nyongeza. Kwa hiyo mwendeshaji alisafiri kutoka nchi hadi nchi kila mwisho wa wiki, akiwa na pikipiki yake garini, mara nyingi akiitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Aliyevunjika mguu alipoteza mapato ya msimu mzima.

Mabadiliko ya injini

Pikipiki za kwanza zilikuwa nzito, zenye injini za mipigo minne. Jeff Smith wa Uingereza alitwaa ubingwa wa cc 500 mwaka 1964 na 1965 kwa pikipiki ya BSA ya aina hiyo. Lakini upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Viwanda vya Husqvarna cha Sweden na ČZ cha Czechoslovakia vilitengeneza injini nyepesi za mipigo miwili. Mwaka 1966 Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki, akiendesha ČZ, alikuwa wa kwanza kutwaa ubingwa wa cc 500 kwa injini kama hiyo.

Kisha Japani ikaingia. Suzuki ilimwajiri Mbelgiji Joël Robert, aliyekuwa tayari bingwa mara tatu wa cc 250. Mwaka 1970 aliipa kampuni hiyo taji lake la kwanza la dunia katika motokrosi, akaongeza mengine mawili mfululizo. Mwenzake Roger De Coster alitwaa ubingwa wa cc 500 mara tano kati ya 1971 na 1976. Yamaha nayo ilinunua ubunifu wa mhandisi Mbelgiji Lucien Tilkens, wa kutumia shokabzoba moja nyuma badala ya mbili, na Håkan Andersson akawa nao bingwa wa cc 250 mwaka 1973. Wakati huo BSA ilikuwa imeshaporomoka. Kazi ya waendeshaji ilipata mishahara, ila sasa aliyekosa kiwanda nyuma yake alikuwa na nafasi finyu ya kushinda.

Soko la Marekani

Mwaka 1966 mfanyabiashara Edison Dye, aliyeuza pikipiki za Husqvarna Marekani, alimwalika bingwa Torsten Hallman kutoka Sweden. Hallman aliwaacha wenyeji mbali mno, nao wakaanza kujifunza. Mwaka 1972 Marekani ilianzisha ubingwa wake wa taifa. Tarehe 8 Julai mwaka huohuo, mbio zilifanyika ndani ya uwanja wa Coliseum, Los Angeles, juu ya udongo uliomwagwa uwanjani. Mshindi, Marty Tripes, alikuwa kijana wa miaka 16. Kuhamia mjini kuliwapa waandalizi viti vya kuuza na kukawapa wafadhili watazamaji wengi.

Mwaka 1981 wanafunzi waliwashinda walimu: Marekani ilitwaa kwa mara ya kwanza shindano la mataifa lililoanzia Wassenaar.

Afrika Mashariki

Motokrosi ina mashabiki na vilabu Kenya na Uganda, ambako watoto huanza na pikipiki za cc 50. Historia ya Ulaya na Marekani yaonyesha kwamba kipaji pekee hakikumlisha mwendeshaji. Kilihitaji kiwanda, mwandalizi na mtazamaji aliye tayari kulipa kiingilio.